Namna ya kumjua jodari kabla ya kufungua mkebe

Hapa Goma samaki wetu ni sambaza, ingawa naye ni mgeni: aliletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Jodari tunamjua akiwa ndani ya mkebe tu. Mimi nilimwona mzima kwa sababu ya njaa. Nilikuwa utingo wa lori, tukakwama Mombasa wiki tano tukingoja mzigo, pesa ikaisha, nikashuka hadi Shimoni, kijiji cha pwani, kubeba barafu kwenye boti ya wavuvi wa mkondo wa Pemba. Tangu hapo majirani wananiletea mikebe niwasomee.

Picha ya samaki usiiangalie. Geuza mkebe, utafute maandishi madogo. Huku Birere, mtaa wa biashara wa Goma, mikebe ya Kifaransa na ya Kiingereza inapangwa rafu moja, na neno "albacore" ndilo mtego. Kwa Kifaransa ni jodari wa mapezi ya njano. Kwa Kiingereza ni samaki mwingine, wa nyama nyeupe, ambaye Wafaransa wanamwita "germon". Nilinunua mkebe mmoja wa kila lugha, nyumbani nikakuta nyama mbili tofauti, nikarudi kwa mama wa ligablo, kile kiduka nilikonunua, na maneno makali. Akavaa miwani, akasoma yote miwili polepole, akaniuliza: "Papa, ni miye niliandika hii?" Nikanunua chumvi ambayo sikuihitaji, nikaondoka.

Basi shika majina ya Kilatini, hayo hayabadiliki. Thunnus albacares ni mapezi ya njano. Thunnus alalunga ni yule mweupe. Katsuwonus pelamis ni sehewa, aina nyingine ya jodari, na Kifaransa kinamwita "listao". Mkebe ukisema "thon", yaani jodari kwa Kifaransa, peke yake, lipa bei ya sehewa, usiongeze hata faranga.

Sehewa simdharau. Nyama yake ni nyeusi kidogo, harufu kali, inabomoka. Kwa sambusa au mchuzi wa nyanya na pilipili hana mpinzani. Ukitaka vipande vinavyosimama juu ya saladi, chukua wa njano. Mweupe ni mpole mno kwangu, unaweza kudhani unakula kuku.

Baharini huhitaji kusoma. Tulikuwa tukirambaza, mishipi nyuma ya boti, nahodha akiangalia ndege tu. Wakishuka kwa fujo, chini kuna samaki. Sehewa akipanda utaona mistari myeusi tumboni, imenyooka kuelekea mkia. Wa njano alinipiga bumbuwazi: dhahabu ya ubavuni ilififia mbele ya macho yangu, na nilipotia mkono tumboni mwake kulikuwa na joto. Samaki, joto! Nahodha akanifokea nilete barafu upesi. Jodari akiachwa juani, sumu inazaliwa ndani ya nyama, na moto wa jikoni hauiondoi.

Mkebe ukishafunguliwa, hamishia nyama kwenye bakuli lenye kifuniko. Umeme ukikatika, na mnajua unavyokatika, maliza siku hiyo hiyo. Ulimi ukiwasha kama pilipili ambayo hukuitia, tema. Na mkebe uliovimba usiununue, hata mama akikupunguzia bei hadi nusu.