Picha ya Kadi ya Sosho: Mtego Ulioninasa Marekani

Bahasha ilikuja mwezi wa kumi, imetoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Pembeni juu imeandikwa CP2000. Ndani kulikuwa na jedwali: upande mmoja mapato niliyoyatangaza, upande wa pili mapato yaliyoripotiwa na waajiri. Mwajiri wa kwanza nilimfahamu. Wa pili kilikuwa kiwanda cha nyama katika jimbo ambalo sijawahi kulikanyaga. Kwa karatasi ile, mwaka mzima nilikuwa nikichinja ng'ombe huko na papo hapo nikisukuma wagonjwa hospitalini huku, na sasa nadaiwa kodi na riba.

Namba yangu ya Social Security, yaani ya hifadhi ya jamii, ambayo sisi huku tunaiita sosho, haikuibwa mfukoni. Niliitoa mwenyewe. Nilikuwa na miezi miwili tu nchini, na mwenzetu mmoja aliyekuwa akiwatafutia wageni kazi akaniambia, "Kaka, nirushie kadi WhatsApp nikuandikishe." Nikairusha, pamoja na ukurasa wa pasipoti. Kazi sikuipata. Picha ikabaki kwake, na kutoka kwake sijui ilizunguka simu ngapi, hadi mtu akaitumia namba yangu kuajiriwa kiwandani kule.

Usitume picha ya kadi hiyo. Si kwa anayekutafutia kazi, si kwa anayekujazia fomu za kodi, si kwa shemeji.

Najua kwa nini tunanaswa. Nyumbani Tanzania tumezoea kutoa kivuli: kivuli cha kitambulisho serikali ya mtaa, kivuli benki, kivuli kwa mwenye nyumba, na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, tunaitaja kwa sauti mbele ya foleni. Lakini kwetu mtu akitaka kusajili laini kwa jina lako, angalau atatafuta na kidole chako. Huku tarakimu 9, jina na tarehe ya kuzaliwa vinamtosha mtu kuomba mkopo, kufungua laini ya simu, au kudai marejesho yako ya kodi kabla hujaamka.

Hapa ndipo Wamarekani wananishangaza. Namba hizi zilianza kutolewa mwaka 1936 kwa ajili ya hesabu za pensheni tu. Kuanzia 1946 kadi zenyewe ziliandikwa kwamba si za utambulisho, maneno yakaja kuondolewa mwaka 1972. Leo namba hiyo inaulizwa na mwenye nyumba, benki, hata daktari wa meno. Mwaka 2017 mifumo ya Equifax, kampuni inayotunza rekodi za mikopo ya watu, ilivamiwa na wadukuzi, taarifa za watu wapatao milioni 147 zikachukuliwa, na namba za watu zikabaki zilezile. Ni jamii inayoamini karatasi kuliko mtu. Hakuna mjumbe wa nyumba kumi wa kusema, "Huyu namjua, hakuwa huko." Inabidi karatasi yako ishinde karatasi ya mwizi.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza: nilikaa kimya. Wenzetu walinishauri niache, IRS wataona wenyewe kwamba nimekosewa, na kwamba kulalamika kutaniletea balaa la uhamiaji. Barua inakupa takriban siku 30. Nikaziacha zikapita. Ikaja ya pili, nzito zaidi, ikinipa siku 90 za kwenda Mahakama ya Kodi, la sivyo deni linaandikwa. Wiki tatu sikupata usingizi.

Kwa hiyo ikikufika, jibu ndani ya muda. Weka alama kwamba hukubaliani, eleza kwa aya moja kwamba mwajiri yule humjui, ambatanisha Fomu 14039 ya kuapa kwamba utambulisho wako umeibwa, na ubaki na nakala ya kila kitu. Usilipe "ili yaishe", maana ukilipa utaonekana umekubali kwamba kazi ile ilikuwa yako. Kwangu yalichukua miezi 11. Nakiri pia kwamba katika miezi hiyo hakuna ofisa hata mmoja aliyenidai cha juu.

Mengine ni mepesi. Ripoti kwenye tovuti ya serikali, IdentityTheft.gov, uchapishe taarifa wanayokupa. Fungia rekodi yako ya mikopo, ili mwizi asikope kwa jina lako, kwa kampuni tatu zinazoitunza: Equifax, Experian na TransUnion, kila mmoja peke yake, kwa sababu ukimwambia mmoja hawaambii wengine. Ni bure tangu 2018. Omba IRS wakupe IP PIN, namba ya tarakimu 6 inayobadilika kila mwaka. Bila hiyo hakuna atakayewasilisha kodi kwa jina lako. Na anayekupigia simu akidai namba yako ya sosho "imesimamishwa" ni tapeli. Mkatie.

Sasa kwenu nyumbani, na nasema kwa mapenzi. Mama mdogo, mtoto wetu alipozaliwa uliomba makaratasi yake uyaweke kwenye kundi la ukoo ili wote wafurahi. Kundi lile lina watu 70, na baadhi hatujui ni watoto wa nani. Tukikataa msiseme tumeringa. Na binamu unayeomba "kuazima makaratasi" ufanyie kazi ukifika: najua njaa ya kazi ilivyo, na hata aliyekuwa kwenye kiwanda kile namhurumia. Lakini mshahara wake ulihesabiwa kuwa wangu, na mzigo ukawa wangu.

Sosho ya mtoto ndiyo tamu zaidi kwa wezi, kwani hakuna anayeikagua mpaka afike miaka 18. Mzazi anaweza kumfungia rekodi akiwa chini ya miaka 16. Maombi ya kumfungia binti yangu niliyatuma kwa posta: bahasha tatu kwa kampuni zile tatu, kila moja na nakala ya cheti chake cha kuzaliwa na kitambulisho changu. Picha za kadi nilizifuta kwenye simu yangu na ya mke wangu. Kadi yenyewe iko kwenye sanduku la chuma, chini ya kanga za mama.