Chuck Berry kwa Chakacha: Namna ya Kupiga Kopi Zake na Bendi ya Tanga

Kopi ya Chuck Berry, yaani wimbo wa mwanarock huyo wa Marekani ukipigwa na bendi nyingine, huharibika kwa njia mbili. Ama bendi inaiga kila noti hadi msikilizaji anatamani awekewe santuri yenyewe, ama inabadilisha kila kitu hadi hadithi inapotea. Na kwa Berry, hadithi ndiyo wimbo. Kopi zilizodumu zilibadilisha jambo moja kubwa, mengine zikayaacha yakae. Maelezo haya ni kwa bendi ya watu watano au sita: gitaa la solo, rithim, besi, kinanda, drums, na tumba ikipatikana.

Msione haya kukopi. Maybellene ya 1955, wimbo uliomtoa Berry, ulitokana na wimbo wa zamani wa kijijini uitwao Ida Red, alioubadilisha maneno na mwendo. Hata ule mwanzo wa gitaa wa Johnny B. Goode unafanana mno na alichopiga Carl Hogan kwenye bendi ya mwimbaji Louis Jordan mwaka 1946.

Kusikiliza kabla ya kushika gitaa

Wekeni Johnny B. Goode ya 1958, kisha ile ya mwanarege Peter Tosh ya 1983, bila kitu katikati. Tosh kapunguza mwendo, kaingiza rege, na yule kijana wa Louisiana anayeimbwa kamhamishia Jamaika. Kisa hakijaguswa: kijana wa shamba, gitaa lake, na mama anayemtabiria jina kubwa. Hii ndiyo kopi ya kujifunzia hapa Tanga. Msichukue rege yake. Chukueni ule uamuzi wa kumhamisha kijana. Mpiga gitaa Jimi Hendrix naye aliupiga jukwaani Berkeley, Marekani, mwaka 1970. Sikilizeni mfurahi, lakini msijaribu kuuiga, maana pale wimbo umebebwa na mikono ya mtu mmoja tu.

You Never Can Tell (1964) unatembea kwa piano. Mwimbaji Emmylou Harris, mwaka 1977, kaiweka fidla mbele na wimbo ukawa wake, ingawa kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) ni zilezile mbili. Roll Over Beethoven (1956) uliimbwa na George Harrison wa Beatles mwaka 1963, kopi ya kawaida yenye nguvu. Bendi ya Electric Light Orchestra, mwaka 1973, wakauanza kwa simfoni ya tano ya Beethoven mwenyewe kabla gitaa halijaingia. Mwenye mpiga fidla wa taarabu kwenye kundi asiipite hiyo. Mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu, unajua fidla na gitaa vinavyokaa pamoja.

Mwimbaji wenu akiwa dhaifu, sikilizeni Memphis, wimbo mwingine wa Berry, kwa kopi ya mpiga gitaa Lonnie Mack ya 1963: hakuna anayeimba, gitaa tu. Mwimbaji akiwa mzuri, chukueni ile ya mwimbaji Johnny Rivers ya 1964.

Wimbo unaosahaulika sana ni Havana Moon wa 1956. Una mdundo wa Kilatini, karibu na rumba ambayo bendi za hapa zimeipiga tangu enzi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Mtu anangoja boti pwani na chupa ya ramu, usingizi unamchukua, akizinduka boti inaondoka na mpenzi wake. Badala ya ramu wekeni tembo la mnazi, na hakuna wa Raskazone wala Chumbageni atakayehitaji kufafanuliwa. Mpiga gitaa Carlos Santana aliurekodi mwaka 1983. Bendi inayoanza, ianze na huu.

Ki na kodi

Johnny B. Goode ya asili iko kwenye ki (sauti ya msingi) ya B flati. Kinanda na saksafoni hawalalamiki, ila gitaa linakosa nyuzi za wazi. Shusheni hadi A, au G kama mwimbaji hafiki juu. Kwa A, mzunguko wa baa 12 (baa moja ni mapigo manne) ni huu: A baa 4, D baa 2, A baa 2, E baa 2, A baa 2.

Angalieni baa ya 10. Katika nyimbo nyingi za bluzi kodi inarudi D pale. Katika huu inabaki E. Hapo ndipo bendi nyingi hugongana, rithim kaenda D na besi yuko E, na kwa mwendo ule kosa linapita kabla hamjatazamana. Kubalianeni kwa mdomo kabla ya kuanza.

Rithim ya Berry ni nyuzi mbili tu. Kwenye A: piga uzi wa tano ukiwa wazi pamoja na uzi wa nne kwenye freti ya 2, mara mbili, kisha sogeza kidole cha uzi wa nne hadi freti ya 4, mara mbili, rudi. Kwenye D hamia uzi wa nne wazi na wa tatu, freti zilezile. Kwenye E, uzi wa sita wazi na wa tano. Kiganja kiegemee kidogo karibu na daraja ili nyuzi zisilie ovyo.

Solo hubana nyuzi mbili kwa pamoja: uzi wa kwanza na wa pili, freti ya 5, kwa kidole kimoja kilicholala, huku uzi wa tatu ukiteleza kutoka freti ya 5 kwenda ya 6. Seti ya nyuzi za 10 (namba ya unene wa uzi wa kwanza) inatosha. Nyuzi nzito zinaumiza mkono, na huku pwani zote hula kutu haraka, hivyo zifuteni kwa kitambaa kikavu kila mkimaliza kupiga.

Kosa lingine ni kujazana chini. Rithim inapiga mdundo wake, besi inatembea A, C shapu, E, F shapu, na mkono wa kushoto wa kinanda nao unafanya hivyohivyo. Matokeo ni mvumo mtupu. Kinanda kipande juu kijibizane na mwimbaji, kama mpiga piano Johnnie Johnson alivyokuwa akimjibu Berry.

Kuuingiza kwenye chakacha

Mdundo wa bluzi wa kubembea hugawa kila pigo mara tatu. Chakacha, ngoma yetu ya pwani, nayo huhesabiwa tatu-tatu. Kwa hiyo baa moja ya Berry inakaa sawasawa juu ya baa mbili za chakacha, bila kulazimisha.

Johnny B. Goode huenda karibu mapigo 168 kwa dakika. Mkigawa mara tatu, ni mapigo madogo 504 kwa dakika, na mpiga tumba atachoka kabla ya ubeti wa pili. Shusheni hadi 120, pimeni kwa programu ya metronomu kwenye simu. Mapigo madogo yanakuwa 360, na wachezaji wanapata nafasi ya kiuno.

Rithim naye lazima abadilike. Mapigo yake mawili yaliyolingana yawe refu na fupi: la kwanza kwenye moja, la pili kwenye tatu ya hesabu ya tatu-tatu. Asipobadilika, yeye anahesabu mbili na tumba inahesabu tatu. Kwenye rekodi za Berry gitaa lilikuwa limenyooka huku drums zikibembea, na ndiyo ladha yake. Lakini ukiongeza tumba juu ya mvutano huo inakuwa vurugu. Fanyeni mazoezi ya rithim na tumba peke yao kwanza, dakika kumi, wengine wakiwa kimya.

Maneno

Ubeti wa Johnny B. Goode una mistari sita, kila mmoja baa mbili. Baa mbili zina nafasi 16 za silabi. Mtu aliyezoea shairi la mizani 16 atafurahi, ajaze zote, na mwimbaji akose pumzi kabla ya mstari wa tatu. Andikeni mizani (silabi) 12, sita kwa sita.

Tuseme kijana tunamhamishia Muheza. Mstari wa kwanza unaokuja kichwani ni huu:

*Kule nyuma ya Muheza, kando ya reli ya mkonge*

Ni mizani 17, haukai. Ukatwe:

*Nyuma ya Muheza, kando ya mkonge*

Sita na sita. Anzeni kwenye pigo la kwanza, silabi mbili kwa kila pigo: «nyu» na «ka» zinaangukia pigo la kwanza la baa zao, «he» na «ko» pigo la tatu, na pigo la nne linabaki la kuvuta pumzi au gitaa kujibu. Mkazo wa lugha umekaa juu ya mkazo wa ngoma. Mkiona mwimbaji anatamka «Muhe-ZA», mstari umeingia vibaya. Msimlaumu yeye, hamisheni maneno.

Berry hasemi «gari» tu. Katika Maybellene ni Ford inayoikimbiza Cadillac, kwa majina. Nanyi tajeni: Noah, Coaster, bodaboda. Na kwenye Memphis msimwite Marie, anayetafutwa kwa simu, «mwanangu» mapema. Msikilizaji adhani ni mpenzi hadi ubeti wa mwisho, inapojulikana kuwa ni mtoto wa miaka sita.

Chemko

Mzunguko wa baa 12 ni mrefu mno kwa chemko, ile sehemu ya mwisho ya kuchezesha watu. Maneno yakiisha, bakini kwenye baa nne: A, D, E, D. Solo azunguke humo apendavyo. Tatizo ni kurudi, maana drums hazijui baa ya kwanza iko wapi. Dawa yake ni solo kupiga ule mwanzo wa wimbo, baa nne kamili, wengine wote wakinyamaza, kisha mnaingia pamoja.

Ruhusa

Kwa ukumbini, ulizeni mwenye ukumbi kama ana leseni ya muziki. Kurekodi ni jambo jingine, na kutafsiri au kubadilisha maneno ni jingine tena: chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, tafsiri ni haki ya mwenye wimbo. Anzieni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla ya kulipia studio, na mpaka jibu lije, toleo la Muheza libaki kwenye mazoezi.