Kukinga kuku dhidi ya korona yao

Kuku wana korona yao, inayoleta bronkaitisi ya kuambukiza, maarufu kama IB. Ilielezwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1931, na haiambukizi binadamu.

Dalili huanza siku moja au mbili baada ya maambukizi. Ingia bandani usiku kuku wametulia, usikilize mkoromo na chafya. Uso ukivimba na pua kutoa uchafu unaonuka, shuku kwanza mafua ya bakteria. Kwa kuku wa mayai, pasua yai kwenye sahani: ute wa IB hutawanyika kama maji, na mara nyingi ganda lina makunyanzi. Kifaranga aliyeugua kabla ya wiki mbili anaweza kukua vizuri asitage kamwe, maana mirija ya mayai imeharibika.

Chanjo ya IB iitwayo H120 hutiwa tone jichoni siku ya kwanza, ikarudiwa wiki ya 2 au ya 3. Ukiipitishia kwenye maji, wanyime kuku maji saa 1 hadi 2. Chukua maji yasiyo na klorini, koroga gramu 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa lita, subiri nusu saa, ndipo utie chanjo. Inywewe yote ndani ya saa 2. Hapa ndipo wengi huharibu: vyombo vilivyooshwa kwa dawa ya kuua vijidudu huua chanjo, kwa kuwa ni kirusi hai.

Mbona waliochanjwa nao huugua? Kirusi hukosea kikijinakili, na mabadiliko machache tu kwenye miiba yake hutosha kuipotezea chanjo shabaha. Aina mbili zikikutana ndani ya kuku mmoja hubadilishana vipande. Ndiyo maana kuna aina nyingine za kirusi cha IB, kama 793B na QX. Chukua sampuli za koo kwa kuku kadhaa wiki ya kwanza ya ugonjwa, zipelekwe maabara zikiwa kwenye barafu, aina ijulikane kabla ya kubadili chanjo. Kuleta chanjo hai ya aina isiyokuwepo kwenu ni kukipa kirusi vipande vipya.

Nguruwe wakae mbali na kuku. Korona ya delta ya nguruwe (si aina ya Delta ya UVIKO-19), iliyoripotiwa Hong Kong mwaka 2012, ina undugu na korona za shomoro, na mwaka 2021 iliripotiwa kwa watoto watatu wa Haiti. Hushika protini ya utumbo iitwayo aminopeptidesi N, ambayo kuku, nguruwe na binadamu wote wanayo. Ziba madirisha kwa wavu usiopitisha shomoro, funika chakula, na kila banda liwe na viatu vyake.