Somo: Namna ya kupata onsen na sento nzuri ukiwa Tokyo

Wakuu, salaam. Somo hili la mabafu ya umma ya Kijapani ni kwa mlioko Tokyo kimasomo au kikazi, na wale wanaopita kwa wiki moja mbili. Picha za mtandaoni zinapendeza zote, kwa hiyo hazikusaidii kuchagua. Kinachokusaidia ni kuyajua maji yenyewe.

Hatua ya 1: Jua unatafuta nini

Onsen ni maji ya chemchemi. Kwa sheria ya Japani ya mwaka 1948, maji yanayotoka ardhini huitwa onsen yakiwa na joto la nyuzi 25 au zaidi, au yakiwa na kiwango kilichowekwa cha mojawapo ya madini yaliyoorodheshwa. Ndiyo maana kuna onsen halali ambayo maji yake hutoka vuguvugu tu kisha yakachemshwa. Sento ni bafu la umma la mtaani, na mara nyingi maji yake ni ya bomba au kisima. Bei yake hupangwa na serikali ya mkoa. Agosti 2024 Tokyo iliipanga kuwa yen 550 kwa mtu mzima. Yapo pia mabafu makubwa ya kisasa yenye sauna na mgahawa, ambayo hujipangia bei.

Hatua ya 2: Anza na mtaa wako

Usikimbilie milimani kwanza. Fungua ramani kwenye simu, andika 銭湯 (yaani sento) kwa Kijapani, si kwa herufi zetu. Sento nyingi za wazee hazina jina lolote la kigeni mtandaoni, na hizo ndizo tamu. Ukiwa barabarani, tafuta bomba refu la moshi, alama ya ♨, au pazia la mlangoni lenye herufi ゆ. Nyingi hufunguliwa alasiri na kufungwa karibu na saa sita usiku, na hupumzika siku moja kwa wiki, kwa hiyo hakikisha kabla hujatoka.

Wilaya ya Ota, hasa pande za Kamata, ina jambo la pekee: sento za bei ya kawaida zenye maji ya onsen meusi kama kahawa chungu. Weusi huo hutokana na mabaki ya mimea ya kale iliyofukiwa ardhini. Ukizamisha mkono, vidole vinapotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, na ngozi inateleza kana kwamba bado ina sabuni. Kwangu mimi, hakuna pesa inayotumika vizuri zaidi ndani ya jiji.

Hatua ya 3: Soma karatasi ya ukutani

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Kila onsen lazima ibandike cheti cha uchunguzi wa maji, kwa kawaida kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Kina jina la chemchemi, joto la maji yanapotoka, pH (kipimo cha asidi, kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo maji yalivyo makali) na madini yaliyomo. Uchunguzi hurudiwa kila baada ya miaka 10.

Kando yake kuna tangazo lingine. Mwaka 2004 iligundulika kwamba baadhi ya sehemu zilikuwa zikitia dawa ya rangi na kuyaita maji asilia, na tangu 2005 wenye onsen wanalazimika kueleza kama wanafanya haya: 加水, wameongeza maji ya kawaida, 加温, wameyapasha moto, 循環, wanayachuja na kuyarudisha, na 消毒, wametia dawa ya kuua vijidudu. Piga picha ya maneno haya leo, maana ukiwa ndani hutoi simu.

Ukikuta 源泉かけ流し, maji yanatoka kwenye chemchemi, yanapita bwawani na kumwagika nje bila kurudishwa. Tazama ukingo wa bwawa: yanafurika muda wote. Lakini msidharau sehemu inayochuja maji. Bafu la jijini linalopokea watu wengi kwa siku linahitaji klorini, kwa sababu bakteria wa Legionella huzaliana kwenye maji ya uvuguvugu na huleta homa ya mapafu. Ninachotaka mimi ni mwenye bafu aseme ukweli.

Hatua ya 4: Toka nje ya jiji

Tafuta neno 日帰り入浴, yaani kuoga bila kulala hapo. Kwa nusu siku, panda treni ya Keio kutoka Shinjuku hadi Takaosanguchi, panda mlima Takao wenye mita 599, kisha uoge palepale kando ya stesheni. Hakone, eneo la milimani, ni takriban saa moja na nusu kwa Romancecar, treni ya haraka ya kampuni ya Odakyu. Ukipanda treni ya kawaida na kubadilisha Odawara unaokoa hela. Atami, mji wa pwani, haizidi saa moja kwa Shinkansen (treni ya mwendokasi), na maji yake mengi yana chumvi.

Kusatsu, mkoani Gunma, nendeni mkalale. Treni haifiki mjini. Unashuka Naganohara-Kusatsuguchi na kupanda basi. Katikati ya mji maji yanayozidi nyuzi 50 yanapitishwa kwenye mifereji ya mbao ili yapoe bila kuchanganywa na maji baridi. Ni makali, pH yake ni kama 2, kwa hiyo vua pete na mikufu ya fedha, na usiyaruhusu yaingie machoni.

Hatua ya 5: Ndani

Vua viatu, kata tiketi, angalia pazia: 男 wanaume, 女 wanawake. Usikariri upande, maana baadhi ya mabafu hubadilisha pande hizo. Vua nguo zote, kaa kwenye kigoda, jisugue na ujisuuze povu lote liishe, ndipo uingie bwawani. Kitaulo kidogo weka kichwani au ukingoni, kisiguse maji. Ukitoka, jifute kabla hujakanyaga chumba cha nguo.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mdau wa Saitama:* Mkuu, nina tatuu begani. Nitafukuzwa?

Inategemea. Uchunguzi wa Wakala wa Utalii wa Japani wa mwaka 2015 ulionyesha asilimia 56 ya sehemu zilizojibu hukataa, na asilimia 13 hukubali ukiifunika. Sento za mtaani nyingi hazina shida. Kama tatuu yako ni ndogo, nunua plasta ya kuifunika, na piga simu kwanza.

*Dada wa Yokohama:* Assalaam alaykum. Sisi wenye kuchunga stara tunafanyaje?

Waalaykumu salaam dada yangu. Wanawake wana upande wao, lakini huko ndani wote hukaa bila nguo. Tafuta 貸切風呂, bafu la kukodi kwa familia kwa muda, mkafunga mlango wenu. Na kama hutaki kuvua kabisa, Hakone na Kusatsu kuna 足湯 za kuloweka miguu tu, nguo zako mwilini.

*Mgeni:* Nimesuka rasta ndefu.

Zifunge juu ya utosi zisiguse maji. Hata Wajapani wenye nywele ndefu hufanya hivyo.

*Baba mtarajiwa:* Mke wangu ni mjamzito. Nimeona bango la zamani linakataza.

Wizara ya Mazingira iliondoa ujauzito kwenye orodha ya makatazo mwaka 2014. Hata hivyo aongee na daktari wake kwanza, asikae muda mrefu majini, na awe makini na sakafu inayoteleza.

*Mdau wa Kamata:* Bwawa la hapa kwetu linaunguza, wazee wanakaa tu!

Sento za Tokyo nyingi hufika nyuzi 42 hadi 44. Jimwagie maji ya bwawa kwa beseni kuanzia miguuni, ingia taratibu, kisha tulia bila kujitikisa. Dakika tatu zinatosha kwa mwanzo. Kama ni lazima ufungue bomba la baridi, waombe kwanza wazee waliomo.