Kutandaza mawe uani juu ya ardhi ya lava mjini Goma

Anayejenga Goma, mashariki mwa Kongo, hahangaiki kutafuta mawe. Akipata parsele katika mtaa wa Majengo au mahali pengine palipopitiwa na lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002, mawe ameyanunua pamoja na kiwanja. Kinachomkosa ni udongo, na kinachomsumbua ni maji ya mvua. Kwa sababu hiyo, kabla ya kumwita fundi, inafaa usimame mlangoni siku ya mvua kubwa uangalie maji yanapita wapi na yanatuama wapi. Mengi yake hutoka kwenye bati: paa la mita za mraba 60, likipata mvua ya milimita 20, humwaga lita 1,200. Weka kwanza mifereji na tangi, kisha uamue maji yanayofurika yatoke upande gani, kwa kuwa ua wote utainama kuelekea huko.

Hatua inayofuata ni kuijua ardhi yenyewe. Lava ilipopoa ilifanya ganda juu, na mara nyingine chini ya ganda hilo pamebaki uwazi. Gonga ua wote kwa mtaimbo, hatua kwa hatua: penye mwamba mzima chuma hurudisha mlio mkali na mkono hutetemeka, lakini penye uwazi husikika mlio mzito kama wa kugonga mtungi. Palipo hivyo, vunja ganda, jaza mawe makubwa, ufuatishe kokoto na kushindilia. Usishawishike kuligeuza shimo kuwa bustani ya kushuka kwa ngazi, hata kama umeipenda mahali pengine. Katika sehemu za magharibi mwa mji, kuelekea Sake, kuna mazuku, yaani gesi ya kaboni dioksidi itokayo ardhini ambayo, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hujikusanya mabondeni na mashimoni bila kuonekana, na huua mbuzi, mbwa na hata watu. Ua wa Goma na uwe juu, usiwe chini.

Kazi ya kupima usawa ndiyo inayostahili muda mwingi kuliko zote. Mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, kutoka ukutani kwenda nje, unatosha. Kwa ua wa upana wa mita 4, mwisho utakuwa chini kwa sentimita 8. Ua wangu wa kwanza niliupima kwa macho, nikiamini kwamba mteremko ulionekana wazi, na mvua ya Septemba ikaingia jikoni kabla hata fundi hajamaliza kudai pesa yake. Tumia tuyo (mpira wa maji) ya plastiki inayoonyesha maji ndani: mtu mmoja aishike kwenye kigingi cha ukutani, mwingine kwenye kigingi cha mwisho, na maji yakitulia, wote wawili watie alama mahali yalipofika, kwa kuwa alama hizo ziko usawa mmoja. Kwenye kigingi cha mwisho shuka sentimita 8, kisha funga kamba kutoka alama ya ukutani hadi hapo. Hakikisha hakuna kiputo cha hewa ndani ya tuyo, maana kimoja tu huharibu kipimo.

Mawe si ya namna moja. Yale ya juu ya lava yana matundu mengi, ni mepesi na humeguka chini ya gurudumu. Yale ya ndani ni mazito na nyundo ikiyagonga hulia kama chuma. Meusi mazito ndiyo ya kukanyagwa. Mepesi yavunjwe kuwa kokoto au yapangwe kuwa ukingo wa bustani. Chagua yenye uso mmoja bapa na unene wa angalau sentimita 8, na pembe zake kali zipigwe kwa tindo, kwa sababu watoto hucheza peku.

Vunja vichuguu vya mwamba vinavyozidi kamba na ujaze mabonde kwa kokoto, ukishindilia kila tabaka la sentimita 10. Juu yake tandaza sentimita 4 za mchanga mweusi wa volkano. Ua wa mita 6 kwa 4 utahitaji karibu mita moja ya ujazo, ambayo chukudu, yaani kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, itakuletea kwa safari kadhaa. Anza kupanga ukutani, ukilaza kila jiwe huku uso bapa ukitazama juu, na kuligonga kwa nyundo ya mpira hadi liguse kamba. Mafundi wengi watakushauri uzibe nafasi zote kati ya mawe kwa sima, yaani saruji. Mimi nakataa: lava hunywa maji, na anayeifunika kwa sima humpelekea jirani mafuriko. Jaza mchanga, fagia, mwagia maji, jaza tena. Sima iwekwe pembezoni tu, ili mawe yasitembee.

Mahali pa miti pawekwe alama kabla ya jiwe la kwanza kulazwa. Kwa parachichi, pasua mwamba shimo la karibu mita moja kila upande, na uhakikishe maji uliyomwaga ndani yanapotea kabla ya kesho yake. Udongo wa kuletwa kwa lori uchanganye na samadi iliyooza. Maua yanahitaji sentimita 30, majani ya kukanyaga 15. Mgomba na upandwe pale maji ya tangi yanapofurikia.

Baada ya mvua tatu au nne kubwa, tembea juu ya ua wote polepole. Jiwe linalocheza liinue, ongeza kiganja cha mchanga, ulirudishe, halafu fagilia mchanga mpya katika nafasi zilizozama.