Jinsi ya kutoa maoni kwenye rasimu ya katiba ya eneo lenye mamlaka ya ndani

Usianze na dibaji, hiyo huwa maneno matamu tu. Nenda moja kwa moja kwenye mgawanyo wa madaraka, uone kodi, ardhi, madini na polisi viko mkononi mwa nani. Greenland mfano, kisiwa chenye mamlaka ya ndani chini ya Denmark, sheria yao ya kujitawala ya 2009 iliwapa madini lakini ulinzi ukabaki Denmark. Halafu andika kifupi, taja namba ya ibara, nukuu neno lenyewe na useme unataka liweje, yaani "serikali kuu inaweza kushauriana" iwe "lazima ishauriane", maana hiyo "inaweza" ndo mlango wa kutokea. Ukiandika "hatuitaki" bila sababu, wanaopokea maoni wanaiweka pembeni. Omba risiti ya kupokelewa, ama piga picha barua yako ikishagongwa muhuri.