Kupima mchoro wa hatari ya kifafa kabla haujafika kliniki

Mwenzangu anatengeneza programu ya simu inayokadiria uwezekano wa mtu kupata shambulio la kifafa. Alikuja na michoro mitatu akitaka kuwauliza wagonjwa upi wanaupenda. Swali hilo liweke mwisho, au uliache kabisa, maana mtu huweza kuupenda mchoro asioweza kuusoma. Hivi ndivyo tulivyofanya badala yake.

Hatua ya 1: Hakiki namba

Kusanya siku zote ambazo programu ilisema "asilimia 10". Mashambulizi yalitokea katika takriban siku moja kwa kila kumi? Kama ni siku nne, acha kuchora, rudi kwenye hesabu. Kisha tumia alama ya Brier, kipimo cha jinsi utabiri ulivyo mbali na kilichotokea kweli, iliyotoka kwa watabiri wa hali ya hewa mwaka 1950. Ikiwa ndogo ni afadhali. Ishindanishe programu na mtabiri mvivu ambaye kila siku hutaja wastani uleule wa mgonjwa huyo. Ikishindwa na mvivu, huna cha kuchora.

Hatua ya 2: Hatari ya nini, kwa muda gani?

Mwaka 2014 shirika la kimataifa la wataalamu wa kifafa, ILAE, lilikubali kwamba mtu aliyepata shambulio moja lisilo na kichochezi anaweza kuhesabiwa ana kifafa ikiwa uwezekano wa kupata jingine ni angalau asilimia 60 hivi, ndani ya miaka 10. Uingereza nako, kwenye leseni ya gari dogo, hutazama kama hatari imezidi asilimia 20 kwa mwaka. Ukizitaja namba hizo bila muda wake, msomaji atazilinganisha bure. Muda uandikwe juu ya mchoro, kwa herufi kubwa, si pembeni.

Taja pia tukio lenyewe. Kwa familia nyingi shambulio ni kuanguka na kutetemeka. Mtoto akikodoa macho sekunde chache bila kusikia anapoitwa, hawahesabu. Daktari anahesabu.

Hatua ya 3: Chora kwenye karatasi

A4 na kalamu, basi. Vijitu 100 kwenye safu kumi, waliopakwa rangi, yaani watakaopata shambulio, wakae pamoja, wasitawanywe. Mshale wa spidi ya gari siutaki hata kuuona: unatisha bila kusema kitu. Kifaa cha kutabiri mashambulizi kilichojaribiwa kwa watu 15 kule Melbourne, Australia, matokeo yakatoka 2013, kilionyesha hatari kwa taa nyekundu, nyeupe na bluu. Ukitumia rangi, toa fotokopi nyeusi. Maana ikipotea humo, ongeza maneno au mistari.

Hatua ya 4: Maswali

Hapa ndipo muda unapoliwa.

Usiulize "Umeelewa?" Utajibiwa "Ndiyo, daktari," kwa adabu tu, hata kama wewe si daktari. Mpe mtu kitu cha kufanya. Swali la kwanza ni la kusoma: "Kati ya watu 100 kama wewe, wangapi watapata shambulio mwaka huu?" La pili ni la kulinganisha karatasi mbili. La tatu ndilo lenye uzito, la kuamua: "Leo simu inaonyesha kijani. Dawa ya jioni utafanyaje?" Kuna atakayejibu, "Si iko salama? Naiacha." Huyo amesoma rangi sawasawa, na mchoro umemdanganya. Uliza pia kuhusu kupikia kuni akiwa peke yake, kupanda bodaboda, kwenda kuvua. Chagua mambo ambayo yeye mwenyewe huyafanya.

Mama mmoja aliitazama ile picha ya vijitu, akaweka kidole juu yake, akauliza: "Mwanangu ni yupi hapa?" Usimcheke wala usimkatize. Andika swali lake kama lilivyo, kisha mwambie hakuna ajuaye ni yupi; picha inaonyesha watoto 100 wenye hali kama yake. Kama wengi wanauliza hivyo, sentensi hiyo iingie kwenye mchoro.

Jaribu pia maneno yanayozunguka picha. "Hatari imepanda mara tano" na "kutoka siku 2 hadi siku 10 katika kila siku 100" zinatokana na hesabu ileile, lakini ya kwanza itamfungia mtu ndani. Nusu ya watu wape hii, nusu ile.

Tahadhari nyingine: aliyechora asiwe muulizaji, maana atasaidia kwa macho. Badilisha mpangilio wa michoro kwa kila mtu. Soma maswali kwa sauti, wengine miwani wameacha nyumbani. Aliyetoka kwenye shambulio leo mwache apumzike, na anayesinzia kwa dawa mpe muda. Ndugu akimjibia mgonjwa, waulize kila mmoja peke yake. Mara nyingi majibu hayafanani.

Hatua ya 5: Madaktari na wauguzi

Wape mchoro uleule na maelezo ya mgonjwa wa kubuni. Usiwaulize wanaonaje, waambie, "Mweleze mgonjwa huyu." Sikiliza kama wanataja muda, kwa sababu aliyezoea namba huona asilimia akaruka "kwa mwaka". Baadaye keti na daktari na mgonjwa kwenye meza moja, daktari aeleze, mgonjwa arudie kwa maneno yake. Tofauti kati ya maelezo hayo mawili ndiyo matokeo yako makubwa.

Hatua ya 6: Amua

Usijumlishe alama tu. Aliyesoma 30 badala ya 32 hana hasara. Mchoro ukimfanya hata mtu mmoja aseme ataruka dozi, unarudi mezani, hata kama ndio uliopendwa zaidi. Katika ile mitatu ya mwenzangu, wenye kijani kitupu ulirudi. Sasa chini ya kila rangi pana maandishi: "Dawa kama kawaida."